Wino wa Karani Si Wino wa Mungu

Wahenga walisema wino wa Mungu haufutiki, na waliposema hivyo walikuwa na maana yao. Walitaka kutuambia kwamba lililokadiriwa na Muumba halina mja wa kuligeuza. Lakini wahenga hao hao hawakusema hata siku moja kwamba wino wa karani wa polisi nao haufutiki. Huo ni wino wa mja, umetiwa kwa mkono wa mja, na mkono uliotia unaweza kufuta. Hilo ndilo jambo la kuzungumza leo, ndugu msomaji, na mahali pa kulizungumzia hapana pafaapo kuliko Salgaa.

Asiyepajua Salgaa na asikie. Ni mji mdogo ulioketi kandokando ya barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret, yapata kilomita 30 kutoka mjini Nakuru, katika upande wa Rongai. Hapo ndipo hupumzika malori yaliyopakia bandarini Mombasa, yakielekea mpakani Malaba na Busia, na kutoka huko Uganda, Rwanda na Kongo. Jua likitua matrela hujipanga safu kwa safu, madereva hushuka kunyoosha miguu, mahoteli huwasha majiko, na nyumba za kulala wageni hujaa. Ukipita usiku utasikia Kiswahili cha kila namna, cha Kisauni, cha Kampala, cha Goma, vyote vimekutana kwenye chai na chapati.

Pana jambo moja ambalo mji huu unalijua kuliko miji mingi, nalo ni uzito wa jina baya. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan, mbele kidogo ya Salgaa, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Tarehe 31 Desemba 2017, hapo Migaa, basi na lori viligongana na watu 36 wakafa. Baadaye serikali iliweka ukuta wa zege katikati ya barabara kutenga magari yapandayo na yateremkayo. Lakini jina lilikwisha kwenda. Hata leo, ukimwambia mtu wa Mombasa kwamba unasafiri kupitia Salgaa, atakuombea dua kabla hujamaliza sentensi. Ikiwa mahali hupata taabu kiasi hicho kujisafisha jina, mwanadamu mmoja asiye na ukuta wala zege atafanyaje?

GUNIA CHINI YA TURUBAI

Natuchukue mfano. Kijana huyu hana jina kwa kuwa ni wa kupigiwa mfano tu, lakini wenye kuijua barabara hawatashindwa kumtambua. Ni utingo wa lori, umri wake miaka 22, ametoka kwao kutafuta riziki ya halali. Lori limepakia Mombasa, limefunikwa turubai, na limelala Salgaa usiku mmoja. Kabla ya alfajiri askari wanapekua, na chini ya turubai wanakuta gunia la bangi. Dereva alikuwa amekwenda kunywa chai. Alipoziona taa za polisi, chai ikageuka safari. Anayebaki ni utingo aliyelala juu ya shehena. Mzigo si wake, lori si lake, hata blanketi aliyojifunika ni ya tajiri wake. Watu husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, yaani huuoni uzito wake. Kijana huyu aliuona uzito wa mzigo wa mwenziwe kuliko hata mwenyewe aliyeufunga.

Anapelekwa kituoni. Jina lake linatiwa katika daftari la matukio. Vidole vyake vinachukuliwa alama, na alama hizo zinapelekwa Nairobi, makao makuu ya Idara ya Upelelezi wa Makosa ya Jinai kwenye Barabara ya Kiambu, mahali panapohifadhiwa kumbukumbu za nchi nzima. Kisha anafikishwa mahakamani, Nakuru au Molo, na kusomewa shtaka la ulanguzi wa mihadarati. Si shtaka la kuchezea. Sheria ya mihadarati ya Kenya ilipotungwa mwaka 1994 iliweka adhabu ya ulanguzi hadi kifungo cha maisha, na marekebisho ya mwaka 2022 hayakulifanya kuwa kosa dogo. Dhamana inawekwa, lakini fedha za dhamana hazipatikani, na kijana anabaki rumande.

Miezi inapita. Sheria inataka dawa zilizokamatwa zipimwe uzani na kuchukuliwa sampuli, mbele ya mtuhumiwa ikiwezekana, na kwamba mtaalamu aithibitishie mahakama kuwa kitu kile ni bangi kweli na si majani ya chai. Inataka pia ithibitike kwamba aliyekutwa na mzigo alijua ni mzigo wa nini. Sasa, ripoti ya mkemia imechelewa, askari aliyekamata amehamishwa kituo, dereva hajapatikana, na shahidi aliyeitwa mara tatu hakuja hata mara moja. Mwisho kiongozi wa mashtaka anasimama na kuiomba mahakama airudishe nyuma kesi yake. Hakimu anakubali. Kijana anaambiwa, nenda zako.

Akatoka nje, jua likampiga usoni, akamshukuru Mungu. Alidhani yamekwisha. Kumbe lililokwisha ni la mahakamani tu.

CHETI KINACHOULIZA VIDOLE

Mwaka mmoja baadaye kijana amejifunza udereva, amepata leseni, na kuna tajiri wa matatu anayetaka kumwajiri. Anatakiwa kuleta cheti cha polisi, kwani dereva wa gari la abiria hapati kibali chake bila cheti hicho. Si madereva peke yao. Bawabu anakihitaji, mwalimu anakihitaji, na binti anayekwenda kufanya kazi Saudia au Qatar hupimwa kwacho kabla ya kupimwa afya. Barabarani watu hukiita gudi kondakti, na wapendao Kiswahili husema cheti cha tabia njema.

Hebu tulitazame jina hilo. Tabia njema, kama tuijuavyo sisi watu wa Pwani, hushuhudiwa na jirani, na imamu wa msikiti, na mwenye duka anayekukopesha unga mwezi ukiwa mwembamba. Watu wa Rongai nao wana wazee wao, wana wachungaji wao, na hawashindwi kumpambanua mwema na mwovu. Lakini cheti hiki hakimuulizi jirani wala mchungaji. Kinauliza vidole. Kijana anajaza maombi yake kwenye mtandao wa serikali, anachapa fomu ya C24, anakwenda Kituo cha Huduma mjini Nakuru kuchukuliwa alama, na alama hizo zinakwenda kulinganishwa na zile zilizomo ndani ya makabati ya Barabara ya Kiambu. Zikikutana, karani anatazama kilichoandikwa. Na hapo ndipo pana msiba: siku alipokamatwa karatasi ilikwenda Nairobi, lakini siku alipoachwa karatasi haikwenda. Ikiwa matokeo ya kesi hayakupelekwa, kumbukumbu huendelea kusimama pale pale ilipoachwa, kana kwamba kesi bado ipo na kijana bado yuko kizimbani.

Wala halazimiki kuwapo mtu mwenye nia mbaya. Polisi wanasema matokeo yako mahakamani. Mahakama inasema imekwisha kutoa uamuzi. Kiongozi wa mashtaka ana mafaili mengine mia. Kila mmoja ametimiza lake, na mwanya ulio katikati yao ndimo alimotumbukia kijana.

KUACHWA KUNA NAMNA ZAKE

Jambo ambalo watu wengi hawalijui, na ambalo laiti lingefundishwa kila baraza, ni kwamba kuachwa mahakamani si kwa namna moja. Neno ni moja kinywani mwa watu, “aliachwa”, lakini katika sheria milango ya kutokea ni kadhaa, na kila mlango una kivuli chake.

Mlango wa kwanza ni kuondolewa mashtaka. Kifungu cha 87 cha Sheria ya Utaratibu wa Jinai kinamruhusu kiongozi wa mashtaka kuiondoa kesi kwa ridhaa ya mahakama, na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 157, nayo inasisitiza kwamba haondoi bila ya ruhusa ya mahakama. Lakini angalia vizuri. Kesi ikiondolewa kabla mshitakiwa hajatakiwa kujitetea, yaani chini ya 87(a), yeye huachwa tu, na kuachwa huko hakuzuii kukamatwa tena kwa jambo lile lile. Ikiondolewa baada ya kutakiwa kujitetea, basi ni lazima afutiwe shtaka kabisa. Mtu wa kwanza amefunguliwa mlango ambao haukutiwa kufuli nyuma yake; wa pili mlango umefungwa na ufunguo umetupwa baharini.

Mlango mwingine ni kifungu cha 210, pale mahakama inaposikiliza mashahidi wa upande wa mashtaka na kuona kwamba mshitakiwa hana kesi ya kujibu. Huyo amefutiwa shtaka bila hata kufungua kinywa. Na mlango wa mwisho ni kifungu cha 215, kesi inaposikilizwa mpaka ukomo wake na hakimu akasema hatia haikuthibitika. Aliyefutiwa shtaka kwa hukumu ya namna hii hawezi kushitakiwa tena kwa kosa lile lile, na Katiba katika kifungu cha 50 imemwekea ngao hiyo.

Kwa hiyo kijana wetu wa mfano, aliyeachwa chini ya 87(a), yuko katika hali dhaifu kuliko zote, ingawa Katiba hiyo hiyo inamtaja kuwa asiye na hatia mpaka ithibitike vingine. Hana hatia, lakini hana pia karatasi inayosema hivyo kwa sauti kubwa. Ndiyo maana mtu akiachwa asikimbilie stendi ya magari. Kwanza aulize: nimeachwa chini ya kifungu gani?

NJIA YA KUFUATA

Haidhuru tukiitaja njia yenyewe hatua kwa hatua, maana elimu iliyofichwa haimfai mwenye shida.

Kwanza, aende masijala ya mahakama akiwa na nambari ya kesi, aombe nakala ya hati ya mashtaka na ya uamuzi, zilizothibitishwa kwa mhuri wa mahakama. Karatasi hizo ndizo pasipoti yake. Azitoe nakala kadhaa, na asili aihifadhi mahali ambapo mvua na panya havifiki. Ikiwa aliweka dhamana ya fedha taslimu, hapo hapo adai fedha zake kwa risiti aliyopewa, kwa kuwa fedha za dhamana si faini. Na kama simu yake au kitu chake kingine kilishikwa kuwa kielelezo, aombe amri ya kurudishiwa.

Pili, karatasi hizo azifikishe kwa upelelezi. Anaweza kuanzia kituo kilichomkamata ili matokeo yatiwe katika faili lake na kupelekwa mbele, lakini mwenye haraka ya kazi aghalabu hana budi kuzipeleka mwenyewe Nairobi, kwenye ofisi ya kumbukumbu za jinai. Aandike barua. Asiridhike na maneno ya mdomo ya “tumeshughulikia”. Barua ipokewe, igongwe mhuri na kutiwa tarehe, na nakala abaki nayo.

Tatu, kumbukumbu ikikataa kurekebishwa, sheria imempa fimbo ya kutembelea. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kusahihishwa au kufutwa habari isiyo ya kweli au yenye kupotosha inayomhusu na kumdhuru. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaeleza namna ya kuomba masahihisho hayo, na msimamizi wake ni Tume ya Haki ya Utawala, ile ijulikanayo kwa jina la Ombudsman. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo inatambua haki ya mtu kurekebishiwa taarifa zake, na iko ofisi ya kamishna inayopokea malalamiko. Akiona ameonewa na askari mwenyewe, iko Mamlaka Huru ya kusimamia utendakazi wa polisi. Na juu ya hao wote iko Mahakama Kuu, ambayo Nakuru inayo.

Nne, kuhusu fidia. Wengi hudhani kwamba kila aliyeachwa anaweza kuishtaki serikali akalipwa. Sivyo. Katika kesi ya Murunga dhidi ya Mwanasheria Mkuu ya mwaka 1979, mahakama ilieleza anachotakiwa mdai kuthibitisha: kwamba alishitakiwa na maofisa wa serikali, kwamba kesi iliisha kwa upande wake, kwamba hapakuwa na sababu ya maana ya kumshitaki, na kwamba palikuwa na chuki ndani yake. Hilo la mwisho ndilo jiwe linalowakwaza wengi, kwani gunia lilikuwako kweli, na askari atasema alifanya kazi yake. Anayeona ana haki asilale, maana dai la namna hii dhidi ya serikali lina muda wa miezi 12 tu. Asiye na uwezo wa wakili akumbuke kwamba Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 ilitungwa kwa ajili ya watu kama yeye.

Na tano, asidanganywe na mtu anayesimama kando ya ofisi akimnong'oneza kwamba kwa elfu kadhaa jina litafutika kesho. Huyo hafuti jina, hufuta mfuko. Tena atamwingiza katika kosa la hongo, na mara hii hatakuwa na la kujitetea.

WALIVYOFANYA WENGINE

Jambo hili si la Salgaa peke yake wala si la Kenya peke yake. Mjini Sheffield, Uingereza, mwaka 2001, mvulana wa miaka 11 alishitakiwa kwa kujaribu kunyang'anya, akaonekana hana hatia. Mwaka huo huo mtu mzima mmoja aitwaye Marper alishitakiwa kwa kumsumbua mwenzake wa nyumbani, wakapatana, kesi ikaondolewa. Wote wawili waliwaomba polisi waharibu alama zao za vidole na vipimo vya miili yao, polisi wakakataa. Wakapanda ngazi za mahakama za kwao mpaka zikaisha, wakavuka kwenda Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliyoko Strasbourg. Tarehe 4 Desemba 2008 majaji 17, wote kwa kauli moja, waliamua kwamba kuhifadhi alama za watu wasiopatikana na hatia, bila kikomo wala ubaguzi, ni kuvunja haki ya mtu ya faragha. Uingereza ikalazimika kutunga sheria mpya mwaka 2012.

Huko Marekani, katika jimbo la Illinois penye mji wa Chicago, sheria ya bangi iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2020 iliwaamuru polisi wenyewe kuzifuta kumbukumbu za watu waliokamatwa na bangi kidogo, isiyozidi gramu 30, bila kuhukumiwa. Sikiliza vizuri, ndugu msomaji: polisi wenyewe. Hawakumwambia mtu asafiri, apange foleni, alete karatasi. Aliyeandika ndiye aliyeamriwa kufuta. Haihitaji kukubaliana na Wamarekani kuhusu bangi ndipo tukubaliane nao katika hilo.

Hata hivyo ulimwengu una mikunjo yake. Fomu ya kuombea viza ya Marekani humuuliza msafiri kama amewahi kukamatwa, si kuhukumiwa tu, hata kama baadaye alisamehewa. Kijana wetu akitaka kwenda huko inampasa aseme kweli, kisha aiambatishe karatasi yake ya mahakama. Kukamatwa bila hatia hakumzuii mtu kwa lazima; uongo ndio unaomfungia mlango.

LISEMWALO SI LAZIMA LIWEPO

Sasa turudi kwetu, kwenye daftari ambalo halipo Barabara ya Kiambu wala halina karani. Daftari hilo ni ndimi zetu. Tuna methali isemayo lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ni methali ya hadhari, inamfundisha mtu asipuuze mbiu ya mgambo. Lakini tumeigeuza kuwa hakimu. Kijana akirudi kijijini baada ya miezi ya rumande, hapana anayeuliza mahakama ilisema nini. Watu wanasema hapana moshi pasipo moto, na kwa maneno hayo manne wanaifuta kazi ya hakimu, ya wakili na ya Katiba nzima.

Mwezi wa Februari mwaka 2017, mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam wa wakati ule alitangaza hadharani orodha ya watu 65 aliotaka wafike polisi kuhojiwa juu ya dawa za kulevya. Walikuwamo wanasiasa, wafanyabiashara na viongozi wa dini. Wengine hawakushitakiwa kabisa. Mfanyabiashara mmoja mashuhuri alishitakiwa kwa kutumia heroini, na mwezi wa Oktoba mwaka huo huo mahakama ya Kisutu ikamwachia. Watu wote wanaikumbuka orodha. Wanaokumbuka uamuzi wa Kisutu ni wachache. Hiyo ndiyo tabia ya habari. Kukamatwa hupigiwa ngoma, kuachwa hunong'onwa. Na ikiwa watu wakubwa wenye mawakili na vipaza sauti hupata taabu hiyo, utingo wa lori atasemewa na nani?

Dini zetu hazikutufundisha hivyo. Kurani katika sura ya Al-Hujurat inakataza kuwadhania watu dhana mbaya na kupelelezana. Katika sura ya An-Nur, anayemtuhumu mwanamke mwenye kujihifadhi kwa uzinzi bila mashahidi wanne, yeye ndiye anayeadhibiwa, na ushahidi wake haukubaliwi tena mpaka atubie. Tazama hekima hiyo: doa limewekwa kwa mtuhumu aliyeshindwa kuthibitisha, si kwa mtuhumiwa. Na ndugu zetu Wakristo wa Rongai wakifungua Kumbukumbu la Torati, sura ya 19, watakuta kwamba shahidi wa uongo hutendewa lile alilotaka kumtendea mwenziwe. Wanazuoni wa fikihi nao waliweka kanuni kwamba jambo la yakini haliondolewi na shaka. Usafi wa mtu ni yakini. Tuhuma ni shaka. Basi shaka ikianguka mahakamani, kwa nini yakini isirudi mahali pake?

Sisi tuliosoma vyuoni tunaukumbuka ubao. Mtoto aliandikiwa aya kwa wino, akaisoma mpaka ikamkaa moyoni, kisha ubao ukaoshwa kwa maji ili uandikwe somo jingine. Hakuna mwalimu aliyeona kuosha ubao ni kupoteza elimu. Ubao usiooshwa ndio usiofaa, kwani maandishi ya jana hukaa juu ya maandishi ya leo na hapana linalosomeka. Hivyo ndivyo ilivyo kumbukumbu ya polisi isiyooshwa. Haimdhuru kijana peke yake. Inamdhuru na polisi, kwa sababu daftari linalochanganya mlanguzi aliyehukumiwa na utingo aliyeachwa halimsaidii mtu kumjua mlanguzi.

Alhasili, yanayotakiwa ni machache. Siku hakimu anapotia sahihi kwamba kesi imekwisha, karatasi ile ile itoke mahakamani iende Barabara ya Kiambu bila kumngoja maskini apate nauli. Tajiri wa lori na tajiri wa matatu wajifunze kuuliza “ulipatikana na hatia?” badala ya “ulishawahi kushikwa?” Na sisi wengine, tukimwona kijana karudi Salgaa, kajipangusa vumbi na anatafuta kazi, tumwachie kiti kwenye meza ya chai. Kwa hayo machache nimeyafunga maneno kwa beti moja:

Mahakama imesema, ondoka huna hatia,
Karani naye yu nyuma, jina amelishikia,
Kazi akenda kuchuma, mlango wamfungia,
Wino wa mja si chuma, futeni pasi udhia.